Ormerod na Mwanawe

Kwenda kununua mkate na Babu Frank kulichukua saa nzima. Duka lenyewe liko hatua mia mbili tu kutoka nyumbani, lakini hakuna mtu katika mji wetu wa Haslow, na nadhani katika Uingereza nzima, ambaye hakuijua sura yake, na hakuna hata mmoja aliyelijua jina lake.

"Nakujua wewe," mama mmoja alimwambia mbele ya duka la nyama, akimshika mkono wa koti. "Ngoja, usiniambie. Wewe ndiye uliyenitengenezea boila ya maji moto."

"Ndiye mimi," Babu Frank akajibu bila kusita. "Inaendeleaje?"

"Inagonga usiku."

"Zote hugonga, mama. Ipe muda, itatulia."

Yule mama aliondoka ameridhika. Mimi niliona aibu kwa niaba yake na kwa niaba ya boila, lakini Babu Frank alisema kumwambia mtu ukweli katika hali ile ni ukatili. Kwa miaka hamsini na zaidi alikuwa mwigizaji wa zile nafasi ambazo lazima ziwepo ila hakuna anayezikumbuka. Kwenye televisheni amekuwa polisi wa zamu, padri, mzikaji, daktari wa mifugo, mpishi wa gereza. Zaidi ya yote amekuwa yule mzee anayemtembeza mbwa alfajiri na kukuta maiti. Nilipokuwa shule niliwahi kuhesabu: maiti kumi na moja, na mbwa tisa. Mbwa wawili walirudiwa.

Hakuwa babu yangu hasa. Alikuwa mdogo wake Bibi Edna, bibi aliyenilea. Alihamia kwetu alipofika miaka sabini, akiwa na masanduku mawili, magoti mabovu, na jozi ya viatu vya mti iliyofungwa kwenye gazeti, ambayo aliiweka chini ya kitanda na hakuivaa. Mimi nilipewa kazi ya kumsomea maneno. Yeye aliigiza nafasi yake, nami nikasoma nafasi za wengine wote kwa sauti ileile moja, wake kwa waume, wauaji na wahanga. Hakunilalamikia hata siku moja. Alisema amewahi kuigiza na watu mashuhuri wanaosoma vibaya kuliko mimi.

Kitu kimoja tu kilimsumbua maishani, nacho kilikuwa chini ya ngazi zetu, nyuma ya buti za mvua. Kilikuwa ubao wa duka, mrefu kuliko mimi, wa rangi ya kijani iliyoiva, wenye maandishi ya dhahabu: ORMEROD NA MWANAWE.

Baba yao, Jabez Ormerod, alikuwa fundi wa viatu vya mti, vile vya soli ya mbao na chuma chini ambavyo wafanyakazi wa viwanda vya pamba walivivaa zamani, ukasikia barabara nzima ikilia asubuhi. Ubao ulikuwa na neno moja, ORMEROD, mpaka wiki aliyozaliwa Frank. Hapo mzee akamwita mchoraji aongeze mengine mawili. Bibi Edna alikuwa na miaka saba, akasimama barabarani kutazama.

"Mimi nilikuwa najua kupanga misumari kwa ukubwa," alipenda kusema. "Yeye alikuwa hajaweza hata kukaza shingo. Lakini ubao ukaandikwa yeye."

Frank alipofika miaka ishirini aliingia dukani akamwambia baba yake kwamba anataka kuwa mwigizaji. Mzee Jabez alifanya kazi akiwa na misumari mdomoni, na alikuwa na desturi yake: ukimletea jambo zito, hakujibu mpaka aitoe yote, mmoja mmoja, aipange juu ya meza. Siku hiyo Bibi alihesabu misumari kumi na minne.

"Jina letu liko juu ya mlango mmoja tayari," mzee akasema. "Kama huu haukutoshi, haya, nenda nalo kwenye mlango mwingine. Siku nitakayoliona kwenye mlango wa ukumbi wa maigizo, nitaingia kukutazama. Kabla ya hapo hutauona mguu wangu."

Babu Frank aliniapia kwamba alikwenda London na nia njema kabisa. Ila waigizaji wana chama chao, na chama kina sheria: wanachama wawili hawaruhusiwi kutumia jina moja. Alipofika mbele ya dirisha la karani, alikuwa na mafua, na nyuma yake kulikuwa na foleni mpaka kwenye ngazi.

"Frank Ormerod tunaye," karani akasema bila kuinua macho. "Chagua jingine."

"Jingine?"

"Jina, bwana. Watu wanangoja."

Juu ya meza ya karani palikuwa na kopo la peremende za kikohozi, peremende za Tolliver. Babu Frank alilitazama lile kopo, akasema, "Frank Tolliver," karani akaandika, ikawa imekwisha. Alikuwa ndani ya treni, vituo vitatu mbele, alipotambua kwamba angeweza kubadilisha jina la kwanza tu. Sam Ormerod. Alfred Ormerod. Hata George Ormerod. Lakini alipopata nafasi ya kurudi, kundi lililomwajiri lilikuwa limekwisha kupeleka majina kwa mpiga chapa, na mchezo ulianza Jumatatu.

Miaka hamsini na sita baadaye, Bibi Edna alikuwa bado hajamaliza kumcheka.

"Umeambiwa utupe kimoja, wewe ukatupa nyama ukabaki na mfupa! Frank! Nani aliomba uibakize Frank? Kila mtaa una Frank watatu na mbwa mmoja!"

"Nilikuwa na mafua, dada."

"Mafua hayaingii kwenye ubongo."

Mzee Jabez alisoma barua ya mwanawe, akaikunja, akairudisha ndani ya bahasha. "Peremende za kikohozi," akasema. Tangu siku hiyo, barua ya Frank ikifika, aliuliza, "Peremende yetu inasemaje?" Hakumtukana, wala hakumwandikia. Majira ya baridi ya kwanza alimpelekea kifurushi kwa posta: jozi ya viatu vya mti vya kipimo chake, vimefungwa kwenye gazeti, bila hata neno moja. Akafa mwaka 1969 bila kukanyaga ukumbi wa maigizo.

Bibi Edna, aliyebaki na baba yake dukani mpaka siku walipofunga, alikirithi kile kiapo kama watu wanavyorithi saa ya ukutani. Televisheni haikuhusika. "Televisheni iko sebuleni kwangu," alisema. "Hapo yeye ndiye anayeingia kwangu, si mimi ninayeingia kwake." Alimtazama akikuta maiti zote kumi na moja, akamkosoa namna alivyoshika kamba ya mbwa. Lakini jukwaani hakuwahi kumwona.

Na jukwaa ndilo lililokuwa maisha ya Babu Frank. Kwa miaka kumi na miwili ya mwanzo alikuwa kwenye makundi ya mikoani, ambako kila Jumatatu mchezo mpya ulianza: asubuhi unafanya mazoezi ya mchezo wa wiki ijayo, jioni unaigiza wa wiki hii. Wenzake wazuri wa sura walipewa nafasi za wapenzi. Yeye, kwa pua yake na masikio yake, alikuwa baba wa wapenzi. Akiwa na miaka ishirini na miwili alitiwa poda nyeupe kichwani akawa mzee wa miaka sabini, na hakurudi ujana tena. "Nimekuwa mzee muda mrefu kuliko mtu yeyote unayemjua," aliniambia. "Nilipozeeka kweli nilikuta mahali napajua."

Siku ileile, tukiwa na kurasa za mchezo magotini, aliniambia jambo ambalo aliniomba nisilifikishe kwa Bibi. Katika kila ukumbi alioigiza, alimwachia mtu wa dirishani tiketi mbili za bure, ndani ya bahasha, kwa jina la Ormerod. Baada ya 1969 akawa anaacha moja. Hazikuwahi kuchukuliwa. Bahasha alirudishiwa kila mwisho wa mchezo, naye aliitumia tena mahali pengine mpaka karatasi ikachoka.

"Kwa nini usimwambie?" nikauliza.

"Nikimwambia ataona namwomba. Edna akiombwa anakuwa ukuta."

Basi mwaka ule aliotimiza miaka sabini na sita mambo mawili yalitokea kwa pamoja. La kwanza, ukumbi wa Tivoli wa hapa Haslow, uliofungwa muda mrefu kwa sababu ya paa bovu, ukafunguliwa tena, na meneja wake, binti mwenye haraka aitwaye Gillian Shaw, akamwomba Babu Frank aigize katika mchezo wa kwanza. Nafasi ilikuwa ya mzee anayefungua malango ya mfereji ili mashua zipite. Kwa kuwa ni mwana wa mji, jina lake lingekuwa juu kabisa kwenye bango, jambo ambalo halikuwahi kumtokea. Daktari wa magoti akasema haya, igiza huu, lakini uwe wa mwisho.

La pili, ilikuja barua kutoka chama cha waigizaji. Yule Frank Ormerod mwingine, ambaye aliacha kuigiza zamani akawa anauza mapazia huko Devon, lakini hakuacha uanachama, alikuwa amefariki. Jina lilikuwa huru. Je, Bwana Tolliver bado alilihitaji?

"Mungu amlaze pema," akasema Bibi Edna, kisha bila kuvuta pumzi, "andika barua leo."

Babu Frank aliandika. Bibi akaenda mjini na kurudi na kofia ya buluu ndani ya sanduku lake. Ana miaka themanini na mitatu, na sikuwahi kumwona akinunua kofia. Aliiweka juu ya kabati, na kila tulipokunywa chai aliitazama kidogo.

Kisha Gillian akatuletea karatasi ya kwanza ya bango tuikague. Juu kabisa, kwa herufi kubwa nyekundu: FRANK ORMEROD. Babu Frank aliitazama mpaka chai yake ikapoa. Kesho yake asubuhi nilimsikia akipiga simu ukumbini, na tulipokaa kula pai ya nyama na viazi akamwambia dada yake kwamba amewaomba warudishe Tolliver.

Bibi Edna aliweka uma chini. "Rudia."

"Nimewaambia waandike Tolliver."

"Miaka hamsini na sita! Jina limekuja lenyewe mpaka mlangoni, limebisha hodi, na wewe unaliambia hatumo?"

"Sikiliza, dada. Ormerod hajawahi kuigiza hata siku moja. Tolliver ndiye aliyelala kwenye vyumba vya baridi. Tolliver ndiye aliyekula kabichi ya mama wenye nyumba za kupanga miaka kumi na miwili. Leo kuna karamu, nimfukuze mlangoni aingie mwingine?"

"Tolliver ni kopo!"

"Ni kopo, ndiyo. Lakini limenilisha." Alijaribu kucheka, akashindwa. "Na Baba aliandika 'na mwanawe', mwanawe akakimbia. Wewe ndiye uliyebaki. Kulibandika lile jina sasa, wakati hayupo wa kukataa wala kukubali, naona ni kama kuvaa koti lake bila kumwomba."

"Baba alisema neno lake."

"Alisema."

"Basi mimi siji."

"Najua, dada."

Bibi akainuka akaichukua kofia, akairudisha ndani ya sanduku lake.

Hawakusemeshana kwa wiki mbili, isipokuwa kupitia kwangu, ingawa tulikaa watatu kwenye meza moja. "Mwambie babu yako chumvi iko mbele yake." "Mwambie bibi yako nimeiona." Mchezo ulianza. Mimi nilikwenda siku ya kwanza, nikapiga makofi, nikarudi nikiwa na maneno mengi na hakuna wa kumwambia. Bibi aliniuliza swali moja tu: kama paa la Tivoli bado linavuja. Nilimjibu halivuji. Akasema vizuri.

Nilifikiri sana kumwambia habari ya zile tiketi. Mara mbili nilifika mpaka mlango wa jikoni nikarudi. Nilikuwa nimeahidi, na pia, kusema kweli, nilimwogopa.

Jumamosi ya mwisho kulikuwa na onyesho la saa nane mchana. Babu Frank alikwisha kuondoka. Nilikuwa sebuleni na kitabu changu niliposikia Bibi akishuka ngazi. Alikuwa amevaa koti la kanisani na kofia ya buluu.

"Weka kitabu," akasema. "Nitolee ule ubao."

"Ubao gani, Bibi?"

"Tuna mbao ngapi humu ndani?"

Tuliufunga kwa shuka, nikashika mbele, yeye akashika nyuma, tukapita katikati ya soko siku ya Jumamosi kama watu wanaobeba mgonjwa. Mzee Pilling, anayeuza jibini, akatuita.

"Edna! Mnahama?"

"Tunakwenda kazini," Bibi akamjibu, bila kupunguza mwendo.

Tivoli ina ngazi nne mbele. Bibi alipumzika kwenye kila moja. Mlangoni alilitazama bango, ambalo lilisema FRANK TOLLIVER kwa zile herufi nyekundu, akalisoma mpaka chini, hadi jina la mpiga chapa. Kisha akavuta shuka, tukausimamisha ule ubao kando ya mlango, chini ya bango. Dhahabu ilikuwa bado inang'aa. Nilijua sasa kwamba kwa miaka yote ile alikuwa akiusugua.

"Yeye hana adabu ya kulileta," akasema. "Nimelileta mwenyewe. Twende."

Dirishani alikaa kijana mmoja aitwaye Darren.

"Tiketi mbili," Bibi akasema. "Nyuma, karibu na mlango."

"Zimekwisha, bibi, samahani. Labda kuna zilizowekwa kwa jina?"

Nilifumbua mdomo. Kwa mara moja maishani nilikuwa wa kwanza kusema. "Ormerod," nikasema.

Darren akapekua kisanduku, akatoa bahasha. Ilikuwa laini kama kitambaa, imebandikwa upya pembeni mara nyingi, na juu yake, kwa mwandiko wa Babu Frank alipokuwa kijana, jina letu. Bibi aliigeuza. Nyuma kulikuwa na majina ya kumbi, yameandikwa kwa penseli na kukatwa moja baada ya jingine: Leeds, Dundee, Hull, Cardiff, yamejaa mpaka kwenye mikunjo.

"Hii ni nini?" akaniuliza.

"Ni yako, Bibi. Aliiacha katika kila ukumbi."

Ndani ya bahasha kulikuwa na tiketi moja. Darren, ambaye ni kijana mwema, alinitafutia kiti cha kukunja.

Tulikaa upande, mstari wa sita. Taa zilizimwa. Kabla hatujamwona mtu yeyote jukwaani, tulisikia kitu: chuma juu ya mbao, ko, ko, kisha kimya kidogo, kisha ko, zile hatua za mtu anayeutupa mguu wa kulia nje kwa sababu amekaa kwenye kigoda kifupi maisha yake yote. Bibi alinishika mkono. Babu Frank akatokea na vile viatu vya mti vya chini ya kitanda miguuni, akauzungusha ule mtambo wa lango la mfereji, kisha kijana mmoja kwenye mchezo akamwambia kwamba mfereji utafungwa, hatahitajika tena. Babu Frank hakujibu. Alitoa misumari mdomoni, mmoja mmoja, akaipanga juu ya lango.

"Huyo ni Baba," Bibi Edna akasema, kwa sauti ya mtu aliye jikoni kwake. Watu wa mstari wa tano wakageuka. "Sikujua," akaniambia mimi. "Kwenye televisheni hawaonyeshi miguu."

Jukwaani, Babu Frank alikuwa ameisikia sauti ile. Hilo nililiona mimi tu, niliyemsomea maneno yale mara arobaini: ule msumari wa mwisho ulimchukua muda mrefu kuliko inavyotakiwa.

Baadaye tulimkuta kwenye ukumbi wa mbele, amebakiza rangi shingoni, viatu bado miguuni. Alikuwa amesimama mlangoni akiutazama ubao. Wote wawili walikuwa na aibu.

"Umeshika ukuta ulipopanda jukwaani," Bibi akasema. "Baba hakushika ukuta."

"Baba alikuwa na magoti yake, dada."

"Alikuwa nayo." Akamrekebisha kola. "Misumari ilikuwa sawa. Ilikuwa mingapi?"

"Kumi na minne."

Bibi akatikisa kichwa kukubali, mara kadhaa, huku ameibana ile bahasha kwapani.

Darren akatoa kichwa dirishani. "Samahani, bibi, huu ubao ni wenu? Kuna bwana hapa nje ameshika viatu vyake, anauliza kama mnabadilisha visigino."

"Mwambie tumefunga," akasema Bibi Edna. "Fundi amefariki, na mwanawe ana onyesho jingine jioni."